Nyongeza

Kasha la kwanza lilikuwa jepesi.
Twalib alilibana kwapani kutoka Ganjoni
mpaka chumba chetu juu ya duka la vipuri, Mwembe Tayari,
akapanda nalo ngazi bila kutua.
Kaa kumi na wawili, walinzi kumi na wawili,
dadu nne, ramani ya kitambaa,
na kijitabu cha sheria, kurasa sita,
ya sita ikiwa ya shukrani tu.

Mimi ndiye niliyewapaka rangi,
brashi ya nywele tatu, rangi ya kucha ya dada yangu,
pumzi nimeizuia kama anayetunga uzi sindanoni.
Kaa mmoja nilimkosea, jicho likatoka jeupe.
Tukamwita Chongo.
Mara tatu alitangulizwa darajani, mara tatu mji ukaanguka.
Tangu hapo hakuna anayethubutu.

Ummukulthum, mtunzi wa mchezo,
alituahidi nyongeza kabla ya Mfungo Sita:
jeshi la pweza, na ngome ya pili.
Lakini muhuri mmoja haukugongwa,
na pweza wakalala gizani Kilindini,
wakilipiwa malazi kila siku kama wageni wa hoteli.
Maulidi yakapita. Ramadhani ikapita. Idi zote mbili.

Ule ndio mwaka wetu.
Kadzo aligundua mlinzi anayerudi nyuma
ana nguvu kuliko anayesonga mbele.
Mdogo wake, Dzame, miaka tisa, akauliza:
mbona maji hayajai?
Basi tukayajaza. Kila zamu ya tatu
ukingo wa kitambaa unazama, na aliyeko huko amekwenda.
Tukaiandika kwa penseli kwenye ukurasa wa shukrani.
Chelewa chelewa, walitutisha wahenga, utakuta mwana si wako.
Tulichelewa sisi, tukamkuta mwana,
pua yake ni yetu.

Kisha bandari ikafunguka.
Pweza, na baada ya pweza papa,
baada ya papa majini wa aina saba,
kila miezi miwili kasha,
kila kasha na sheria inayoifuta sheria ya jana.
Tuliunganisha meza mbili, halafu mlango uliong'olewa.
Dadu zikawa kumi na tisa.
Chongo sasa analiwa na papa bila hata kurushiwa.
Alhamisi nzima tunasoma, hatuchezi,
na Twalib hupumzika mara mbili kwenye ngazi.

Alikuja kijana, Mbarak, akalitazama lile rundo.
"Naanzia wapi?"
Tulimjibu wanne, majibu manne.
Akamaliza ukwaju wake, akashukuru.
Hatujamwona tena.

Simlaumu Ummukulthum.
Kasha la kwanza mtu hulinunua mara moja;
kodi ya nyumba ndiyo nyongeza isiyochelewa.
Na mimi je? Kila papa alikuwa shilingi arobaini,
na papa hao ndio waliomnunulia mama miwani.
Kwa hiyo nilipaka. Nilipaka nikijua.

Alhamisi iliyopita umeme ulikatika.
Kitabu cha kurasa tisini hakisomeki kwa tochi ya simu.
Kadzo akapekua chini kabisa, chini ya majini,
akakivuta kile kitambaa, akakitandika sakafuni.

Ndipo Ummukulthum akabisha hodi,
sampuli ya kasha la nane mkobani.
Akachutama. Akaokota kijitabu cha kwanza,
akamulika ukurasa wake wa shukrani.
"Hii penseli ya nani?"
Dzame akajificha nyuma ya dada yake.

Alisoma mara mbili.
Akavua viatu, mkoba akauacha mlangoni, haukufunguliwa.
"Nipeni upande wa kaa," akasema,
akaanza kuwapanga,
na wa kwanza darajani akamweka Chongo.

Tulitazamana.
Hakuna aliyemwambia.
Twalib akamsogezea dadu.